Katibu Aliyetuvalisha Akala

Katibu aliogopa sindano. Mwanamke aliyeweza kuingia ofisi ya meneja bila kubisha hodi, akavuta kiti na kuanza kuzungumza kabla meneja hajamaliza kuongea na simu, huyo huyo ukimwambia apandishe mkono wa overoli umdunge sindano ya pepopunda, alikumbuka ghafla kwamba kuna kitu amekisahau kwenye mashine. Nilikuwa muuguzi katika chumba cha huduma ya kwanza cha kiwanda chetu cha chai, naye alikuwa kwenye kitengo cha kuchambua. Katika miaka yote niliyokuwa pale nilifanikiwa kumdunga mara moja tu, tena akiwa ameshikwa na wanawake wawili waliokuwa wakicheka kuliko walivyokuwa wakimshika.

Aliitwa Katibu kwa kuwa ndiye aliyekuwa katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi. Jina lake la ubatizo nililijua, lakini sikusikia mtu akilitumia. Hata mzee wake, yaani mumewe, mkulima mpole aliyekuwa na mashina yake ya chai upande wa pili wa mto, alimwita Katibu siku akiwa amekasirika. Mimi nami niliitwa Daktari, ingawa si daktari. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha watu. Katibu ndiye aliyenikataza. Alisema mgonjwa akishajua kwamba aliyemshika ni daktari, nusu ya ugonjwa inaondoka, sasa mimi kwa nini niirudishe?

Kiwanda chenyewe kilikuwa juu kabisa, karibu na msitu, mahali ambapo Mlima Kenya unauona asubuhi mapema kisha ukungu unaufunika mpaka kesho yake. Ukitaka sabuni nzuri au viatu, unateremka Karatina. Wakulima wa huku ndio wenye kiwanda, na wengi wetu tuliofanya kazi humo tulikuwa watoto wao, au wake zao, au wao wenyewe.

Ndani ya kiwanda kulikuwa na watu wa aina mbili. Kulikuwa na wafanyakazi wa kudumu na kulikuwa na vibarua. Wa kudumu alipewa overoli ya kijani, buti, maski ya kuzuia vumbi na, kama yuko kwenye kuchambua, kikombe cha maziwa kila shifti. Kibarua alipewa kazi. Katika chumba cha kuchambua walisimama bega kwa bega mbele ya mashine moja, vumbi la chai likiwapaka wote rangi moja ya kahawia, mmoja akiwa na maski na mwingine amejifunga kitambaa cha kichwa puani. Hata chumba changu kilikuwa na kanuni yake. Wa kudumu nilimtibu, kibarua nilitakiwa nimwelekeze zahanati ya serikali kule chini, mwendo mrefu wa mteremko.

Katibu alikuwa wa kudumu. Alikuwa na buti, maski na maziwa. Angeweza kukaa kimya na kuzeeka vizuri. Lakini alikuwa na msemo wake aliourudia mpaka ukawachosha watu: vumbi halisomi kandarasi.

Asije mtu akadhani alikuwa mtakatifu. Hakujua kutunza saa. Mkutano wa tawi uliitishwa saa nane, nao ulianza pale Katibu alipomaliza kusalimia watu, na yeye hakuweza kumsalimia mtu bila kumuuliza habari za ng'ombe. Kanisani aliimba kwa nguvu kuliko mwongozaji kwaya alivyotaka. Siri nayo haikukaa kwake. Ukimnong'oneza jambo asubuhi, saa ya chakula unalisikia kutoka kwa mtu wa boila, likiwa limeongezwa chumvi. Nadhani udhaifu huo ndio uliokilinda chama chetu. Hakuna mkubwa aliyewahi kujaribu kumvuta pembeni ampe chochote, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba kabla jioni haijafika ingekuwa ni hadithi.

Kuna Jumapili nilipita kwao nikamkuta juu ya mparachichi, pekupeku, sketi ameifunga kiunoni, anatikisa tawi ambalo mimi nisingelining'inizia hata koti. Huyu ndiye mtu aliyetuhubiria kila wiki habari za ngazi na kamba. Nikamuuliza kamati ya usalama kazini ingesema nini ikimwona. Alinijibu kutoka huko juu kwamba kamati haiketi Jumapili, kisha akaniambia nisogee kando nisipigwe na parachichi.

Vita vyake vikubwa vya kwanza, ambavyo alishindwa, vilihusu maziwa.

Pale kazini kila mtu aliamini kwamba maziwa yanaosha vumbi kifuani. Imani hiyo niliikuta na nikaiacha ilivyo, kwa kuwa maziwa hayamdhuru mtu. Basi siku moja saa ya chai Katibu akaniita mbele ya wenzake. Akaniuliza maziwa ukiyanywa yanaenda wapi. Nikasema tumboni. Akauliza vumbi linakaa wapi. Nikasema mapafuni. Akauliza kama kuna njia ya kutoka tumboni kwenda mapafuni, nami nikasema kwa mtu mzima wa afya, hakuna. Kisha mwendesha mashine mmoja mzee, mtu aliyeheshimiwa na wote, akasema ameyanywa maziwa hayo tangu meno yake yakiwa kamili na kifua chake kiko sawa. Wakamwamini yeye.

Katika mkutano uliofuata Katibu alitaka wakubali kuyaacha maziwa, na badala yake chama kidai maski nzuri kwa kila anayeingia chumba kile, vibarua wakiwemo, na feni kubwa ya kuvuta vumbi. Mkutano ulichafuka. Wa kudumu waliuliza, ati wao wanyang'anywe maziwa ili kibarua apate maski? Kibarua ambaye mwezi ujao huenda hayupo? Walipiga kura ya mikono, na mikono iliyomuunga Katibu ilikuwa michache hata haikuhitaji kuhesabiwa. Wengine walianza kunong'ona kwamba tawi linahitaji katibu mpya.

Jioni ile alikuja chumbani kwangu, akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa, akaniomba chai. Nikamtilia. Akaniambia niongeze maziwa. Nikaongeza. Akaniambia niongeze tena.

"Daktari, mimi napenda maziwa kuliko hao wote," akasema. "Ndio maana najua si dawa. Dawa haiwezi kuwa tamu hivi."

Alicheka, lakini niliona imemuuma.

Kilichobadilisha mambo kilitokea uwanja wa kuni. Boila la kiwanda hula magogo usiku na mchana, na kazi ya kuyapasua na kuyapanga ilikuwa ya vibarua peke yao. Mmoja wao aliitwa Muriithi, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, mtu wa mzaha mwingi. Asubuhi moja ya mvua rundo la magogo liliteleza na moja likamwangukia mguuni. Alikuwa amevaa akala, vile viatu vya mpira wa gurudumu la gari, ambavyo vinaacha vidole nje kama watu waliokaa barazani.

Wenzake walimbeba mpaka kwangu. Sikukumbuka kanuni yoyote. Nilikata mikanda ya akala, nikasafisha, nikafunga, nikasema anahitaji hospitali ya Karatina sasa hivi. Pikapu ya kiwanda ilikuwa imesimama pale nje. Karani wa magari alisema kumpakia kibarua ni lazima meneja atie sahihi, na meneja hakuwepo. Katibu alikuwa ameshafika. Hakubishana. Alifungua mlango wa mbele, akaketi kando ya dereva, akafunga mkanda, akasema hatatoka humo mpaka gari liione hospitali. Dereva, ambaye nadhani alikuwa akingoja tu mtu wa kumlazimisha, akawasha injini.

Muriithi alipoteza vidole viwili. Meneja alipozungumza na chama, alisema anasikitika, na naamini alisikitika. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba mkataba wa vibarua unasema kila mmoja aje na viatu vyake, na kwamba buti ni za wafanyakazi.

"Na Muriithi alikuwa anafanya nini pale kwa kuni?" Katibu akamuuliza. "Alikuwa anacheza?"

Meneja alirudia kwamba mkataba ni mkataba, na buti hakutoa.

Sasa, pale lango kuu kulikuwa na ubao mkubwa uliosema kwamba hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kuingia bila buti za usalama. Kanuni hiyo soja wa lango aliishika kama Amri Kumi. Siku moja alimrudisha nyumbani mhasibu mzima kwa kuvaa raba. Vibarua wa kuni wao walipitia lango la nyuma, ambalo halikuwa na ubao wala soja.

Katibu aliitisha mkutano mwingine. Safari hii hakuhutubia. Alimleta Muriithi akiwa na magongo yake, akamketisha kando ya yule mzee wa mashine. Muriithi akamwambia mzee kwamba sasa soksi zitadumu, maana hazina cha kutoboa. Mzee akajaribu kucheka akashindwa. Alikaa akiutazama ule mguu muda mrefu. Katibu aliomba jambo dogo tu. Jumatatu kila mmoja asivae buti zake, aje kazini na akala.

Mimi nilidhani hawatakuja. Jumamosi nilikuwa Karatina sokoni, nikapita kwa fundi wa akala, nikamkuta amebaki na jozi moja ya mtoto. Aliniuliza kama huko juu kwetu kuna harusi.

Jumatatu asubuhi, kabla ukungu haujaufunika Mlima, shifti nzima ilikuwa mbele ya lango kuu. Overoli safi, maski shingoni, na chini akala. Yule mzee wa mashine alikuwa mstari wa mbele, vidole vyake vimekunjamana kwa baridi. Vibarua nao waliacha lango la nyuma, wakaja kusimama nasi. Soja alitazama viatu, akatazama ubao, akatazama viatu tena, akasema kwa unyonge kwamba hawezi kufungua.

Katibu akamwambia anafanya kazi nzuri.

Malori ya majani mabichi yakaanza kufika kutoka vituo vya kununulia, moja nyuma ya jingine. Anayejua chai anajua majani hayangoji. Yakikaa yamebanana kwenye magunia yanapata moto, yanakuwa mekundu, na chai yake hakuna anayeitaka. Meneja akatoka ofisini mbio. Alisema mgomo bila notisi ni kinyume cha sheria.

"Bosi, sisi hatujagoma," Katibu akasema. "Tuko hapa tangu alfajiri, tunataka kuingia. Ni sheria yako imetukataza."

Meneja akamwamuru soja afungue. Katibu akamuuliza kama basi ubao ule ung'olewe, maana kama mtu anaweza kuingia bila buti leo, haukuwa wa usalama. Na kama ni wa usalama, usomwe pia kule kwa kuni. Meneja akageuka kutazama malori. Nilimwonea huruma. Nyuma yetu wakulima walikuwa wameanza kujaa, maana habari kwamba malori hayashushi ilishafika vijijini, na nyuso zao hazikuwa za kirafiki. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mfanyakazi anaweza kubishana na meneja mchana kutwa, lakini mkulima akiona jasho lake linaoza kwenye gunia, haulizi nani ana haki.

Katika watu hao alitokea mzee wa Katibu. Watu wakampisha. Alimwendea mkewe pole pole, akamuuliza kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, kama anajua yale majani kwenye lori la pili ni ya nani. Katibu akamjibu kwamba anajua, kwani walichuma pamoja na mgongo wake bado unauma. Mzee akainamisha kichwa. Akakaa hivyo akitazama chini. Kisha akauliza swali lingine, na hili wote tulilisikia.

"Katibu, hizo si akala zangu?"

Zilikuwa zake. Alikuwa amezitafuta nyumba nzima tangu asubuhi, na hatimaye amekuja na viatu vya kanisani, vimejaa matope. Miguu ya Katibu ilikuwa inaelea ndani ya akala zile kama watoto kwenye kitanda cha wazazi.

Aliyeanza kucheka ni soja. Kisha wakulima, kisha sisi, kisha mzee wa Katibu mwenyewe, akijifuta macho. Kicheko hicho kilifanya kazi ambayo hotuba isingeweza. Bibi mmoja mkulima, aliyeegemea fimbo, alimgeukia meneja akamuuliza kwa upole kama kiwanda hiki si chao. Meneja akasema ni chao. Bibi akasema basi kama ni chao, hawawanunulii vipi watoto wao wa kuni viatu? Alitaka kueleweshwa tu, alisema, yeye hakusoma. Wakulima wengine wakaanza kuuliza hivyo hivyo, na kila aliyeuliza alisogea hatua moja.

Meneja akaingia ofisini kupiga simu. Alipotoka alisema pikapu imeshaondoka kwenda Karatina kununua buti za watu wote wa kuni, na kwamba chumba cha Daktari kuanzia sasa ni cha kila mtu. Katibu alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamuuliza habari za watoto. Ndipo watu wakavuta kutoka kwenye mikoba yao buti walizokuwa wamezificha muda wote huo, wakazivaa pale pale wakicheka, na lango likafunguliwa. Majani ya lori la kwanza yalikuwa yameanza kupata moto. Mengine yote yalipona.

Buti zilizokuja zilikuwa kubwa zote, za saizi ya wanaume warefu, na wanawake waliofagia magome ya kuni walitembea ndani yake kama bata. Hivyo vikawa vita vingine. Maski nazo zilikuja baadaye, na ni yule mzee wa mashine aliyesimama mkutanoni kusema maziwa yaachwe ili maski zipatikane, ingawa aliyalilia kwa miezi. Muriithi alipewa kiti cha vibarua kwenye kamati ya usalama. Mikutano miwili ya kwanza hakusema neno. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumnyamazisha, na Katibu alilalamika kwangu kwamba kijana yule anaongea sana.

Vibarua walibaki vibarua. Hilo hakuliweza, na lilimkera mpaka alipostaafu. Ile feni ya kuvuta vumbi ilichelewa kuja, na kifua cha Katibu kilikuwa kimeshakula vumbi la miaka mingi kabla ya maski nzuri. Mwaka wake wa mwisho kazini nilimwona akisimama katikati ya ngazi kuvuta pumzi, akijifanya anatazama Mlima.

Mimi nami niliondoka, nikapata kazi katika kliniki moja mjini Nyeri. Mwaka jana nilienda Wang'uru kununua mchele. Katika ua wa kinu kimoja cha kukobolea mpunga nilikuta wanawake wamekusanyika kwenye kivuli saa ya chakula, nywele na nyusi zao nyeupe kwa vumbi la pumba. Pembeni, juu ya magunia, ameketi Katibu. Amekonda, leso mabegani, macho ni yale yale. Aliniona akanipungia mkono niende, bila kusimama, nami nikaketi kando yake.

Aliniambia amehamia kwa binti yake aliyeolewa huku, kwa kuwa baridi ya kwetu inamkaba. Ati amekuja kupumzika. Nikamuuliza hapa kinuni anapumzikaje. Akaniambia binti yake ana jirani, na jirani huyo anafanya kazi hapa, na si vizuri kukataa ukiombwa kusindikiza mtu. Niliuliza habari za mzee wake. Akasema yuko, anajifunza kulima mpunga na kulalamikia mbu. Alizungumza kwa vipande vifupi, akivuta pumzi kati ya kipande na kingine. Nilimuuliza kama anatumia dawa. Akasema anatumia zile za kuvuta kwa mdomo, na akaniomba nisianze.

Jirani mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya wenzake, mwanamke kijana aitwaye Wawira. Alikuwa anaeleza kwamba wanaume wa mashine wamepewa maski na wao wanaofagia pumba hawajapewa, na kwamba wameamua kujiunga na chama. Sehemu moja alipotea, akarudi nyuma, akaanza upya. Nilimtazama Katibu nikingoja adakie. Nilimjua, asingeweza kuvumilia. Lakini alikaa, mikono mapajani, akimeza kila neno.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Akatoka mwenye kinu, mtu mnene mwenye funguo mkononi, akawatazama wote pale kivulini. Akauliza kwa Kiswahili cha haraka mkutano huu ni wa nini, na katibu wao ni nani.

Katibu alinyanyuka. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu aliyeitwa na mama yake. Nikaona Wawira naye amesogea hatua mbele.

"Ni mimi," Wawira akasema.

Katibu akabaki amesimama kidogo, mkono kwenye bega langu, kisha akajishusha tena juu ya magunia. Alikuwa akitabasamu. Nilifungua mdomo nimwambie kitu, akanigusa goti.

"Nyamaza, Daktari," akaninong'oneza. "Tusikize."